Benchi Lililopiga Rivasi

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha viatu na chumba cha Kinyozi, na mbele yake ndipo Mama Pacha anapopika kahawa. Asubuhi ile alituachia birika kwenye mkaa akaenda kufanya mtihani wa udereva. Alishafeli mara mbili, zote pale pa kurudi nyuma kati ya nguzo. Mwenye kiwanda cha mikate alimwahidi gari la kusambazia mikate siku akipata leseni. Mama Pacha ni shemeji yangu, mke wa marehemu kaka yangu, na anasomesha mapacha kwa hivi vikombe, kwa hiyo sikuwa na hamu ya mzaha. Sindano ilishanichoma kidole kwa wasiwasi.

Dawa aliileta Profesa, ambaye anauza chaja za simu na hajawahi kufundisha hata kuku. Alimwambia shemeji kwamba mtu akiliona jambo akilini mpaka akasikia harufu yake, litamjia lenyewe. Basi kila jioni wateja wakipungua, benchi liligeuka gari. Shemeji alishika kifuniko cha sufuria kuwa usukani, sisi abiria, akikata kona tunaegemeana. Kinyozi alikuwa mtahini, kazi yake kukohoa, maana kikohozi cha mtahini ndicho kilichokuwa kikimvuruga shemeji. Kila safari Kinyozi alisahau kujifunga mkanda, yaani taulo lake la kunyolea, na kila safari akasemwa na shemeji.

— Amepita huyo, alisema Profesa akijimiminia. Nimemwona tangu alfajiri, leseni mkononi, kilemba cha bluu.

— Kavaa cha kijani, nikamwambia.

— Akili haijali rangi, fundi.

Kinyozi akasema hata yeye siku hizi anaiona saluni yake ina viti vitano na kiyoyozi. Anaiona vizuri kiasi kwamba jana alimkatalia mteja.

— Ulimwambiaje?

— Asubiri, viti vimejaa.

— Unacho kimoja, Kinyozi.

— Ndiyo maana aliondoka.

Profesa akaona hayo bado ni ya kitoto. Utajiri wake yeye umeshakaribia mno, mpaka binamu yake alipomsalimia asubuhi alimjibu kwamba hakopeshi ndugu.

— Kwani alikuomba?

— Bado. Lakini namwona kabisa anakuja.

Hapo nilichoka. Niliwauliza, kama kuona kunatosha, mbona mapacha hawashibi kwa kutazama ukuta? Nilisema kwa ukali, kwa sababu jua lilikuwa limepanda na shemeji harudi.

Kisha honi ikalia nyuma yetu. Gari jeupe la mikate lilisimama barabarani, likafikiri kidogo, likaanza kurudi nyuma. Lilipita kati ya ukuta wa Kinyozi na meza yangu bila kugusa hata kiatu kimoja, likatulia sambamba na benchi. Kioo kikashuka.

— Mtahini alikohoa, shemeji, alisema Mama Pacha. Nikamwambia, Kinyozi, funga mkanda. Akafunga.

Tulipiga kelele mpaka watu wa mtaa wa pili wakatoka kuangalia. Kinyozi alicheza na taulo kichwani. Mimi nililia, na sioni aibu. Shemeji akashuka, akammiminia kila mtu kikombe, na kwa mara ya kwanza akakaa nasi kwenye benchi bila usukani, akanywa chake hadi chini, kisha akarudi garini maana mikate ilikuwa bado ya moto.

Kulikuwa na mgeni, mteja wangu aliyesubiri soli ishike gundi. Alitazama kikombe chake kitupu.

— Samahanini, wakubwa. Kesho kahawa atapika nani?

Jioni zote zile tulimwona shemeji kwenye usukani, tukaziona nguzo, tukamwona mtahini. Hakuna hata mmoja aliyejiona kwenye jiko. Kinyozi alinitazama, mimi nikatazama viatu. Profesa akalitikisa birika, likawa halina kitu. Akaliweka chini kwa heshima, akafumba macho.

— Tulieni. Naiona inachemka.

Mama Pacha alikuwa ameshawasha gari. Alitoa kichwa dirishani.

— Vizuri, Profesa. Sasa tia mkaa.

Akaingia barabarani, na sisi wanaume watatu tukainuka kutafuta kiberiti.