Malimi Luhende, Mpiga Solo wa Igogo

Wasikilizaji wapendwa, poleni na kazi za kutwa, mlioko mjini, Magu na visiwani. Jioni hii tunamkumbuka Malimi Luhende. Malimi Luhende, mpiga gitaa la solo wa Nyuzi Jazz ya Igogo. Tumemzika Jumamosi huko Misungwi.

Nyuzi Jazz ilikuwa bendi ya kiwanda cha nyuzi. Siku za kazi wanamuziki walikuwa kwenye mashine kama wenzao. Jumapili mchana walipanda jukwaani, na akina mama wakaja kucheza na watoto mgongoni. Malimi alipiga macho ameyafumba, kichwa kimeinama upande, kama anayenong'onezwa jambo.

Vyombo vilikuwa mali ya kiwanda. Narudia, wasikilizaji wapendwa: vyombo vyote, hata gitaa alilolipiga tangu ujana, vilikuwa mali ya kiwanda. Mwaka 1994 kiwanda kikafungwa ili kiuzwe. Vyombo vikafungiwa stoo.

Malimi na mwimbaji wao, Kamugisha, walikwenda kuomba. Wakaambiwa wamsubiri mnunuzi. Mnunuzi alipopatikana, akawajibu kwa upole kwamba amenunua kiwanda, hakununua bendi. Kamugisha anaikumbuka siku vyombo vilipopakiwa kwenye lori.

"Tulisimama getini," anasema. "Malimi alimwomba kuli asililaze lile gitaa chini ya spika. Kuli akasema sawa mzee, halafu akalilaza hapo hapo. Tungefanya nini?"

Kamugisha akarudi kwao Bukoba. Malimi akapata kazi ya kubadilisha kanda kwenye baa, hapo hapo Igogo. Mpiga solo wetu akawa anawawekea watu muziki wa wengine. Mkewe, Paskazia, anasema vidole vyake vilikuwa vikicheza juu ya meza wakati wa kula, mwenyewe hana habari.

"Nikimshika mkono vinatulia," anasema. "Nikiuachia, vinaanza tena."

Mwaka jana kifua kikamwanza. Walihangaika hospitali, wakahangaika kwa waganga, mwisho wakamrudisha kwa ndugu zake Misungwi. Huko ndiko alikofia.

Paskazia amekuja studio na ombi moja. Tupige wimbo wowote wa Nyuzi Jazz, watoto wamsikie baba yao. Kanda ya nyumbani ilitafunwa na redio zamani. Wasikilizaji wapendwa, tumetafuta. Nyuzi Jazz walirekodi hapa hapa, na kanda zao zipo. Lakini wakati wa uhaba wa kanda, vilirekodiwa vitu vingine juu ya nyimbo zao. Tumezisikiliza zote mpaka mwisho. Ni bei za pamba, wilaya kwa wilaya.

Mama Paskazia na watoto, poleni sana. Ndugu wa Misungwi, poleni. Nasi wengine tuwafikirie waliotuchezesha Jumapili zile, na tujiulize wanaishije sasa. Kama una kanda ya Nyuzi Jazz, hata iliyokunjamana, usijaribu kuipiga. Ilete tu.

Nimemwambia mama aende akapumzike, tutamwita. Amesema atakaa kidogo hapo nje, huenda mtu akaja.