Kila Mtu na Mlango Wake: Walinzi wa Tarrow Fork kwa Kocha Mkuu Dunleavy

Mgeni rasmi, Kocha Mkuu Royce Dunleavy wa timu ya sekondari yetu. Viongozi wa ligi ya watoto. Wazazi wetu, bibi na babu zetu. Na kina mama mlioijaza meza ile biskuti:

KARIBU

Karibu katika ukumbi huu wa zimamoto. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi walinzi wa timu ya watoto tumekungoja kwa hamu, maana tunaumwa, na dawa iko mikononi mwako. Kocha wetu, Daktari Verlon Tibbets, hajaiona risala hii. Kocha, endelea kula kuku wako.

TULIKOTOKA

Msimu wa juzi hatukuwa na ulinzi, tulikuwa na mbio tu. Mpira ukienda kulia, sote kulia, kama kuku waliomwagiwa mahindi. Mkimbiaji wao, mpira mkononi, akigeuka kushoto anakuta uwanja mtupu, anatembea mpaka mstari wa mwisho. Ndipo akaja Daktari Tibbets, ambaye meno yetu sote anayajua. Alileta viti vya wagonjwa wake wanaosubiri, akavipanga kwenye nyasi kuwa mstari wa wapinzani. Sisi akatupanga sita mbele, wawili nyuma yao, watatu mwishoni. Kila pengo kati ya kiti na kiti aliliita mlango, na kila mlango ukapata mwenyewe.

"Milango yenu mnaijua?"

"Tunaijua!"

"Mpira ukienda kwa jirani?"

"Jirani atajijua!"

Wendell Zelenka alipewa mlango wa mwisho, kushoto. Siku ya mechi bibi yake akapiga kelele kutoka jukwaani, "Mfuate, Wendell! Mfuate huyo!" Mjini kwetu bibi hapingwi. Wendell akafuata, mkimbiaji akapita mlangoni kwake, tukafungwa. Kocha hakumgombeza. Alipanda jukwaani, akavua kofia.

"Bibi Zelenka, mtoto huyu ana makocha wawili, na mdogo ni mimi. Niruhusu nikuonyeshe mlango wake."

Tangu siku hiyo bibi anakishinda king'ora cha ukumbi huu: "Kaa hapo hapo, Wendell! Ukitoka leo huli!"

TULICHOPATA

Msimu huu ziko mechi ambazo hakuna mtu aliyetuvuka. Hatujisifu, waliojaribu wapo, waulize. Tena kila mmoja wetu anacheza: mfupi, mnene, mzito wa miguu. Orrin Pask hajawahi kushinda mbio yoyote, hata ya kuwahi biskuti, lakini anasimama katikati na watu wanamkwepa.

YANAYOTUSIBU

Mwezi Oktoba wewe uliagiza timu zote za mji zicheze mfumo wa sekondari: wanne mbele, waliobaki nyuma wakingoja pasi. Ni desturi ya mji wetu kwamba mfumo wa kocha mkuu hushuka hadi kwa watoto, nasi tukatii tulipocheza na Corliss. Mgeni rasmi, mrusha mpira wa Corliss ana miaka kumi na moja. Pasi yake ndefu iliangukia ndoo ya maji ya timu yake mwenyewe. Hawakurusha tena. Walikimbia tu, katikati, penye watu wanne. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulisikia, na bado Wendell alitoka anachechemea. Orrin na wenzake walikaa benchi, kwa kuwa nafasi zao walipewa wenye mbio.

Hatusemi mfumo wako ni mbaya. Kila Ijumaa tunauona ukishinda. Kiatu cha baba ni kizuri, ila mtoto akikivaa anaanguka.

Wiki iliyopita Kocha Tibbets alitukusanya baada ya mazoezi. Alisema hawezi kutufundisha jambo linalotuumiza, wala hawezi kukuvunjia heshima, kwa hiyo anaachia ngazi. "Viti nitawaachia," akasema. Tulilia ndani ya helmeti tukidhani haonekani mtu.

MAOMBI

Tunaomba utuachie sita mbele mpaka tufike sekondari. Siku hiyo utupange utakavyo. Na tunaomba wewe mwenyewe umwambie Kocha Tibbets abaki, maana sisi tumemwomba, akaenda kukusanya koni za mazoezi.

Ratiba inasema baada ya risala hii wote tusimame, tumpigie Kocha makofi ya kumuaga. Tunaomba jambo hilo lifutwe. Lisipofutwa, wewe utasimama, na viongozi watasimama. Sisi tutabaki tumekaa. Kocha, tusamehe.

Mungu akupe afya, Mgeni rasmi, awape kaka zetu wa sekondari Ijumaa njema, na akuongoze katika kutujibu.

Ni sisi,
Walinzi wa Timu ya Watoto ya Tarrow Fork

Imesomwa na Margo Sabatino, nahodha wa ulinzi, ambaye sasa anarudi kukaa.