Jina Lililo Ndani ya Chupa

Sogeeni, wanangu, na wewe mkubwa izime hiyo redio, maana leo sina sauti ya kushindana na mtu.

Nyumba ni yenu nyote watatu, asiuze mmoja bila wengine. Zile sufuria zangu kubwa achukue kitinda mimba, kwa kuwa ndiye pekee asiyeunguza wali. Hayo ni mepesi.

Mnajua nilikuwa na dawa zangu za jikoni, na wala sizionei haya. Niliwafundisha kuweka punje ya chumvi chini ya ulimi kabla ya kusimama mbele ya mkubwa, ili msimeze maneno. Mimi mwenyewe niliiweka siku nilipomwambia msimamizi wa jiko la hospitali kwamba nyama ya wagonjwa inaishia nyumbani kwake, na sikutetemeka. Niliwafundisha na chupa: unaandika jina la aliyekudhulumu, unalitia pamoja na siki na pilipili kavu, unakaza kifuniko na kuiweka nyuma ya jiko mpaka haki ije. Mlipokua mkacheka, lakini hakuna kati yenu aliyethubutu kuigusa ile moja.

Ndani yake mna jina la shangazi yenu.

Kisa mnakijua kama nilivyokisimulia: kwamba kaka yenu wa kwanza, aliyekuwa anajifunza kutembea, aliunguzwa na maji ya moto ambayo shangazi aliyaacha ukingoni mwa jiko, akafa. Baba yenu, Mungu amrehemu, aliamini. Niliandika jina la dada yake mbele ya majirani, na tangu siku hiyo hakuna aliyekula kutoka mkononi mwake. Wachumba waligeukia mlangoni, na mpaka leo anakaa chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni, anapika peke yake, anakula peke yake. Watu wakasema dawa yangu ni kali. Dawa gani? Siki haina nguvu hiyo. Ulikuwa mdomo wangu.

Sasa msinikatize. Sufuria ile ya maji niliiweka mimi. Shangazi yenu alikuwa uani anaanua nguo. Nilijua siku ile ile, nilijua wakati naandika, nikaandika jina lake kwa sababu sikuweza kuandika langu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka thelathini na mmoja. Usilie, mwanangu. Au lia, lakini mlilie shangazi yako.

Nikishaondoka, pasipikwe kitu humu mpaka mmemfuata nyote watatu, mchana, majirani wakiona. Mwambieni maneno haya bila kuyatia sukari. Mwombeni apike sufuria ya kwanza ya msiba, na akikubali, kuleni mbele ya watu, mlambe na vidole. Akikataa, akiwatukana, akilitemea mate kaburi langu, nyamazeni, ana haki. Na chupa mpeni yeye, aifanyie apendavyo.

Maji… hapana, yaacheni, koo halipitishi. Mungu awape mikono isiyoogopwa na mtu. Awape… mkubwa, uko wapi? Sikuoni. Nimesema nikishaondoka, lakini huo ni woga wangu tena. Nenda sasa hivi. Mwambie shangazi yako… mwambie bado napumua, aje anitazame usoni… Mbio, mwanangu.