Mwalimu Phares Shiundu na Spana Namba Kumi

Kwa jina la Mungu Mwenyezi, atulindaye tuingiapo na tutokapo, nawasalimu walimu, wazazi na wanafunzi wa shule yetu ya ufundi, Ziwani.

Mwalimu Phares Shiundu anastaafu tarehe 27 Novemba 1998, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Alianza kwa kufundisha uchomeleaji. Tangu 1986 amewaandaa wanafunzi kuwa mafundi wa ndege, kwa injini moja kuukuu ambayo, lango letu likiwa jembamba, iliingizwa kwa mkokoteni huku watoto wa Majengo wakiisindikiza kama bibi arusi.

Katika karakana yake kila kifaa kina umbo lake lililochorwa ubaoni. Hatoki mtu kabla maumbo yote hayajafunikwa, kwa maana spana iliyosahauliwa ndani ya injini yaweza kuangusha ndege. Vijana walimbandika jina la Buda Spana, yaani Mzee Spana. Naye alilijua.

Julai 1990, wanafunzi sita waliitwa Uwanja wa Ndege wa Wilson kwa usaili wa uanagenzi, saa nane kamili. Saa sita, spana namba kumi haikuonekana. Mwalimu akafunga mlango. Wakapekuana, wakatambaa chini ya meza. Nje dereva wa kuwapeleka akapiga honi hadi akachoka. Ndambuki, mwana wa kibarua wa Mukuru kwa Reuben, alilia bila kujificha. Ndipo Koki, msichana pekee darasani, akathubutu: “Mwalimu, ni wewe tu hatujakukagua.”

Spana ilikuwa mfukoni mwa koti lake.

Walifika saa tisa na robo, usaili umekwisha. Mwalimu aliingia ofisini kwa wasaili peke yake, akaiweka spana mezani, akakiri kosa lake bila kupunguza neno. Wakapewa siku nyingine. Wanne walichukuliwa, Ndambuki na Koki wakiwamo. Wawili waliokosa angali anawataja kwa majina katika sala zake za asubuhi.

Tangu hapo kila kipindi kimeisha kwa Mwalimu kugeuza mifuko yake kwanza, ndipo wanafunzi wafuate.

Juma lililopita alimkabidhi funguo mwalimu mpya wa karakana, ambaye ndiye Koki yuleyule, sasa fundi kamili wa ndege. Maumbo yote yalikuwa yamefunikwa. Hata hivyo mzee aligeuza mifuko yake: leso, na vidonge vya kikohozi. Koki akatazama, akatikisa kichwa kukubali, kisha akageuza yake.

Mwalimu, tunakushukuru. Mungu akupe maisha mema na marefu pamoja na mkeo, Mama Triza. Nawe usomaye, Bwana aibariki nyumba yako, asipungue hata mmoja wa waliomo.