Noreen Tasker na Tawi Lililokataa Kufutwa

Baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi, Bi Noreen Tasker, mtunzaji wa Makumbusho ya Mji wa Purkiss, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 22 Novemba 2025, ambayo pia ni Siku ya Mwanzilishi. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe. Bodi ya makumbusho ilipendekeza mwezi Juni, katikati ya baridi, wakati hapa Tasmania hakuna anayetoa pua nje. Noreen akawajibu kwamba aliingia kwa mlango wa mbele na atatoka kwa mlango huo huo, watu wakimwona.

Mimi nimekaa naye dawati kwa dawati miaka kumi na minne. Nimeombwa niandike maneno machache ya adabu na ya kuchangamsha. Ya kuchangamsha yapo tele. Ya adabu nitajitahidi.

Noreen ni mtoto wa fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe, kutoka pwani ya kaskazini. Alipoajiriwa, makumbusho yetu yalikuwa vyumba viwili nyuma ya ukumbi wa mji, vikinuka sufu mbichi. Alipewa kazi moja tu: kufuatilia ukoo wa Ephraim Purkiss, mlowezi wa kwanza wa bonde hili, na kuuchora ukutani kama mti, matawi yote, hadi kitoto cha mwisho.

Ukuta huo si pambo. Kila Siku ya Mwanzilishi, uzao wa Ephraim huketi kwenye meza moja ndefu kula nyama ya kondoo, na kila mtu hukaa kwa kufuata tawi lake lilivyo ukutani. Tawi la kwanza hukaa kichwani pa meza, na mkubwa wa tawi hilo ndiye hushika kisu na kuwakatia wengine. Kuna watu hapa mjini wangeachia shamba kuliko kuachia kisu hicho. Kwa vizazi vinne hakijatoka mikononi mwa baba na babu za Bwana Graeme Purkiss, mwenyekiti wetu wa bodi.

Mwaka wake wa kwanza tu, Noreen alichafua hali ya hewa. Ukoo ulikuwa ukijitapa kwamba Ephraim alikuja kama nahodha mstaafu mwenye barua ya gavana. Noreen alitafuta, akakuta alikuja na pingu miguuni kwa kuiba majora mawili ya kitambaa huko Uingereza. Wazee waligonga meza, baba yake Graeme akatishia kwenda mahakamani. Miaka kumi baadaye upepo ukageuka: kuwa na mfungwa kwenye ukoo ikawa fahari, na watu wale wale wakaanza kutembea kwenye gwaride wamevaa minyororo ya plastiki. Noreen aliwauzia hiyo minyororo kwenye duka letu, kwa bei ya juu kidogo. Fedha hizo zilitengeneza paa linalovuja ambalo bodi ilikuwa imelijadili tangu enzi za bibi zetu.

Asifikiriwe kuwa hakosei. Mwaka 1991 aliokota makombe ya baharini, madogo, ya rangi ya kijani inayometameta, nyuma ya ua wa miiba wa makaburi ya kanisa. Kutoka hapa hadi baharini ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Akayaweka kwenye kabati la kioo na kibao kizuri: kwamba hapo zamani za kale bahari ilifika Purkiss. Watoto wa shule waliletwa kuyaona. Yalikaa humo hadi alipoingia mama mmoja wa makamo, akasoma kibao, akacheka hadi akashika kabati.

"Ya kale?" akasema. "Hayo nimeyaleta mimi mwezi wa pili, dada. Kwa mikono yangu hii."

Huyo alikuwa Shangazi Dulcie Rooke, wa wenyeji wa asili wa kisiwa hiki, wale waliokuwapo kabla meli yoyote haijatia nanga. Wanawake wa ukoo wake hutunga mikufu ya makombe, na kila mwaka huja Purkiss kuweka mengine juu ya kaburi la bibi yao.

"Kaburi lipi?" Noreen akauliza. "Nyuma ya ua hakuna kaburi."

"Hakuna kwa nani? Vaa viatu vya matope, twende."

Noreen amenisimulia safari hiyo mara nyingi, na kila mara sauti yake hubadilika. Sote tunaujua ua ule. Pande tatu umenyooka. Upande wa kaskazini unatoka nje ghafla kama tumbo la mtu aliyeshiba, unalizunguka kaburi la Ephraim, kisha unarudi kwenye mstari wake. Tumepita hapo tangu utotoni tukidhani aliyeupanda alikuwa amelewa. Shangazi Dulcie alimwonyesha kwamba Ephraim alizikwa nje, kwa matakwa yake, ubavuni mwa mke wake wa kwanza. Wajukuu zake walipotaka mwanzilishi msafi, waliusogeza ua hadi ukamwingiza yeye, wakaupitisha katikati ya mume na mke. Mke akabaki nje, umbali wa kunyoosha mkono.

Walowezi walimwita Hannah. Jina lake la kwao familia yake inalo, na haikunipa ruhusa ya kuliandika hapa. Aliishi na Ephraim kabla Ephraim hajamwoa Charlotte, yule wa picha kubwa ya ukumbini, na alimzalia watoto wawili, mmoja wao binti. Shangazi Dulcie anatoka kwa yule binti. Aliwataja mama mmoja baada ya mwingine, kutoka kwake hadi kwa Hannah, bila kukwama, huku akipanga makombe kwenye nyasi.

Noreen hakukimbilia rangi siku hiyo. Alimwambia Shangazi wazi kwamba anahitaji kufuatilia mwenyewe.

"Fuatilia," Shangazi akasema. "Hata mimi nisingekuamini kwa siku moja. Ila usichukue miaka mia, mimi sina."

Alichukua zaidi ya thelathini. Alikwenda visiwani, kwa akina Rooke, kwa likizo zake na kwa mafuta yake, akaketi jikoni kwa watu, akasikiliza, akalinganisha, akanywa chai ya kutosha kumwogesha farasi. Kila aliposema amekaribia, bodi iliomba ushahidi zaidi. Ushahidi wa mwisho ukaletwa na mwenyekiti mwenyewe. Krismasi ya mwaka juzi wajukuu wa Bwana Graeme walimzawadia kile kipimo cha mate kinachotafuta nasaba. Alitegemea kupata lodi wa Uskoti. Akaingia hapa Januari, simu mkononi, uso mwekundu.

"Noreen, hii kitu imeharibika. Inasema nina binamu visiwani, wa ukoo wa Rooke."

"Haijaharibika, Graeme. Imekutafutia ndugu."

Wiki hiyo hiyo Noreen alipanda ngazi na kulichora tawi la Hannah. Alilichora panapostahili: kushoto, la kwanza, juu ya watoto wa Charlotte. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Macho yote yalikwenda kwenye kisu.

Kwenye kikao Bwana Graeme alijaribu ulaini. "Tumwandike pembeni huko chini, kwa herufi ndogo. Tusigombane kwa jambo la zamani."

"Mtoto wa kwanza haandikwi pembeni," Noreen akasema. "Na kama ni la zamani, kisu unakiogopea nini?"

Bodi ikatuma fundi wa rangi alifute. Noreen akaweka kiti mbele ya ukuta, akafuma soksi, akamlisha yule bwana vimikate vya skoni vyenye jemu hadi jioni, naye akarudi kuripoti kwamba rangi imegandia kwenye ndoo. Wakasubiri siku ya likizo yake, wakalipaka tawi chokaa. Aliporudi alilichora upya, nene zaidi, na mabaki ya rangi nyekundu ya gari la zimamoto. Ndipo akapewa uchaguzi: lifute ubaki, au liache ustaafu. Alicheka, akaomba kalenda.

Kuna mtu atauliza kelele yote hii ni ya nini. Nitamjibu. Mwaka jana Shangazi Dulcie, sasa ana miaka themanini na minane, alikuja Siku ya Mwanzilishi amevaa mkufu wake mzuri kuliko yote. Mlangoni akaambiwa meza ni ya ukoo, ila kuna tiketi za wageni. Nilikuwa nimesimama pale. Alisema, "Mgeni, mimi?" kisha akageuka polepole kwa fimbo yake. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo haijaisha. Hajawahi kula kwenye meza ile hata siku moja, na kila mwaka unaopita anatukumbusha kwamba hana mia.

Turudi kwenye wasifu, maana bodi imeniomba niondoe aya tatu na nimeondoa moja, iliyohusu keki. Noreen anaendesha gari vibaya kupita maelezo. Hana sauti ya kuimba, lakini huimba. Kwenye mazishi huwakalia watu karibu na kuwaambia babu yao halisi alikuwa nani. Mafuriko ya 2016 alipanga foleni ya watu wazima waliobeba vitu vyetu begani hadi kanisani, na hakikupotea hata kijiko. Watoto waliopita mikononi mwake wamekuwa walimu, madaktari, na mmoja polisi aliyemwandikia faini ya mwendo kasi. Aliilipa na kumsifu mwandiko.

Sasa sherehe yenyewe. Bodi imetunyima ukumbi. Padri wetu, Mchungaji Philippa, aliposikia alisema, "Ua ni wa kanisa, si wa bodi. Na mimi nimechoka kuupunguza." Kwa hiyo Jumamosi tutakutana makaburini, ua ukiwa umechanua mweupe. Noreen alikataa saa ya ukutani tuliyotaka kumnunulia, akaomba msumeno wa miti. Tumemnunulia mzuri. Tulimuuliza Shangazi Dulcie kama angependa Hannah aingizwe ndani. "Aingizwe wapi? Yeye yuko kwake," akasema. "Huo ua ndio utoke." Basi utatoka. Atakayekata tawi la kwanza ni Noreen, wengine njooni na glavu, miiba haina huruma.

Meza itapita kwenye uwazi huo, nusu ndani, nusu nje. Kichwa cha meza kitakuwa upande wa Hannah. Tumefuata utaratibu wa mji wetu, hatukubadili hata nukta: tawi la kwanza, mkubwa wao, Shangazi Dulcie, kisu mkononi. Bwana Graeme amealikwa. Kiti chake kipo, panapostahili tawi lake, na nyama yake atakatiwa na dada yake.

Ufunguo wa makumbusho Noreen amenikabidhi mimi jana. Rangi nyekundu imebaki ndoo moja na nusu, nami nimejifunza kufuma.

Asante, Noreen, kwa kutufundisha kuuangalia ua tuliokuwa tukiupita kila siku. Pumzika, imba, waache polisi wafanye kazi yao. Maisha yako yawe mema na marefu, na Jumamosi kaa karibu na Shangazi. Amesema kipande cha kwanza ni chako.