Historia ya Marehemu Fundi, Aliyechongwa Akiwa na Miguu Miwili

Ndugu waombolezaji, majirani na nyote mliofika, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, nami nitayasema yalivyokuwa, matamu na machungu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 12 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa kifungua mimba wa mama yetu, akasoma hadi darasa la saba katika shule iliyo nyuma ya stesheni, na mwaka 1971 akajiunga na jeshi, akapelekwa katika vita vya ukombozi kusini mwa Afrika, ambako tarehe 9 Juni 1976 bomu la ardhini lilimkata mguu wa kushoto.

Aliporudi alijifunza kushona viatu, akafunga ndoa tarehe 4 Agosti 1979 na shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, na hadi leo tunacheka tukikumbuka alivyomwambia baba mkwe kwamba binti yake amepata mume asiyeweza kukimbia nyumba.

Mwaka 1984 mchongaji wa halmashauri alimketisha wiki nzima ili achonge sanamu ya mashujaa wa vita, ile ya bustani ya katikati ya mji, na ilipofunuliwa ilikuwa na sura yake barabara, hata kovu la juu ya jicho, ila ilisimama kwa miguu miwili, kwa kuwa wakubwa walisema shujaa hawezi kuwa kilema. Kaka alitandika gunia lake la kazi chini ya sanamu hiyo, akiamini pale ni pake, lakini kila maadhimisho yalipokaribia walinzi walimwondoa, wahenga hawakukosea, shukrani ya punda ni mateke, na mwaka jana ofisa mmoja alimwambia mbele ya wateja wake, "Mzee, sogea, unatuharibia picha." Alisogea, na hakurudi tena bustanini, na tusifichane, neno lile lilimuuma kuliko bomu.

Kisukari kilimzidi, donda likamtoka kwenye mguu uliobaki, akalazwa hospitali ya mji tarehe 2 Mei 2019, akafariki tarehe 21, mkewe amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliofunga kazi leo. Halmashauri nayo imeleta shada la maua, pamoja na ombi kwamba jeneza lipitishwe mbele ya sanamu, wapiga picha wanasubiri, lakini shemeji amekataa, nasi tuko nyuma yake, kwani aliyeharibu picha akiwa hai hawezi kuipamba akiwa maiti, kwa hiyo msafara utapita barabara ya sokoni.

Pumzika kwa amani, kaka, huko hakuna atakayekuambia usogee.