Fazal Karim Warraich, Mpandisha Gesi wa Mtaa wa Riereta

Ndugu wa karibu na mliosafiri, majirani wa Riereta, wenzake wa ghala la gesi, kabla hatujamsindikiza Fazal Karim makaburini, familia imeona vema maisha yake yasimuliwe mbele yenu, kwa kuwa wengi mlimjua ngazini tu, akiwa anahema.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961 katika kijiji cha Kot Bakhta, wilaya ya Gujrat, Punjab, nchini Pakistan, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Allah Ditta, mkulima wa ngano, na mama Sardar Bibi. Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari mjini Kharian, alikofika darasa la kumi mwaka 1978 na kufeli Kiingereza mara mbili, jambo ambalo hakulionea haya hata kidogo, alisema Mungu alikuwa akimwandalia kuishi na watu ambao nao hawakijui.

Tarehe 20 Februari 1986 alimwoa Tasleem Kausar, na mwezi Januari 1988 wakajaliwa binti, Sumbal. Kazi ya tanuri la matofali haikutosha kuwalisha, hivyo tarehe 3 Novemba 1990 akaondoka kuja hapa Barcelona, na adhuhuri ile Sumbal alikuwa amelala, naye hakumwamsha, kwa kuhofia kwamba mtoto akilia miguu yake ingekataa kwenda.

Aliosha vyombo kwa mwaka mmoja na nusu, kisha mwaka 1992, akiwa hana makaratasi ya ukaazi, akaanza kumsaidia mbebaji gesi mwenye kibali kwa malipo ya bahashishi tu. Mnayakumbuka majira yale, toroli limejaa mitungi ya rangi ya chungwa, naye anaigonga kwa spana ili wa juu wasikie, na siku ya kwanza tu alipogonga, kichwa cha mwanamke kikatokeza ghorofa ya tano.

"We! Mimi si kiziwi. Lete mmoja."

Huyo alikuwa Senyora Remei Casadevall, mjane wa miaka sabini, katika jengo lisilo na lifti. Marehemu alipofika juu akamsalimu kwa Kihispania cha kubahatisha, akajibiwa kwamba ndani ya nyumba ile huongewa Kikatalani, lugha ya wenyeji, na Kihispania akaongee na polisi. Basi akajifunzia Kikatalani jikoni kwake, sufuria hii, kijiko hiki, mpaka akawa anaingia maduka ya mtaani na kuwashangaza wenye lugha yao.

Ramadhani ya mwaka 1993 alikataa maji aliyopewa, bibi akauliza kama glasi yake ina kinyaa, na alipoelezwa maana ya saumu akaona aibu, akawa kila siku ya gesi anamfungia mkate wa kufuturia, bila kujua kwamba soseji aliyojaza ndani ni ya nguruwe. Marehemu hakuwa na moyo wa kumwambia, na ukweli ulitoka baada ya Ramadhani tatu, bibi alipomwona toka kwenye roshani akimpa mkate ule mbwa wa kinyozi wa mtaani, akamwita juu.

"Kumbe miaka mitatu nimekuwa nikimfuturisha mbwa?"

"Na amenona, mama."

Bibi alicheka mpaka akashika meza, na tangu siku ile akawa anampikia dengu kwa spinachi.

Mwezi Januari 2001 marehemu alijifungia na mamia ya wenzake ndani ya kanisa moja la mjini, wakagoma kula wakidai makaratasi, kwani miaka kumi ilikuwa imepita hajamwona mkewe wala mtoto. Senyora Remei alikuja na blanketi akaketi naye kwenye benchi, na alipoombwa arudi nyumbani kwa sababu ya baridi alisema, "Nilimzika mume wangu nikaapa sikanyagi tena kanisani, leo Mwislamu amenirudisha, halafu unanifukuza?" Makaratasi yalipatikana Agosti mwaka ule, ajira rasmi Februari 2002, na tarehe 12 Juni 2003 Tasleem na Sumbal wakatua.

Sumbal alikuwa na miaka kumi na mitano, akamwamkia baba yake kama anavyomwamkia ami yake, kisha akasimama nyuma ya mama. Mwaka mzima alimwita "wewe", akijibu kinachoulizwa tu, na marehemu hakumlaumu, akafika hata kumwuliza mkewe kama alikosea kuwaleta. Hatimaye alimpeleka kwa Senyora Remei akajifunze lugha, na bibi, badala ya somo, akamwambia, "Wewe nakujua tangu una miaka minne. Najua ulivyong'oka meno, najua uliogopa shule. Kila Januari baba yako aliniambia umetimiza mingapi, kisha akashuka bila kusubiri bahashishi." Siku hiyo wakiteremka, Sumbal alishika upande mmoja wa mtungi mtupu, akasema, "Abba, polepole, nitaanguka." Ni neno moja tu, Abba, yaani baba, lakini marehemu alilisimulia mara nyingi kuliko habari ya makaratasi.

Mwaka 2005 alizaliwa Yasir, mdogo wake Sumbal, mwaka 2011 Sumbal akahitimu uuguzi, na mwaka 2012, Senyora Remei alipofariki akiwa na miaka tisini, marehemu alishika jeneza mbele, pamoja na mpwa wa bibi.

Oktoba 2022 aligundulika ana saratani ya figo. Kaka yake Mushtaq alipiga simu kutoka Kot Bakhta, akilia, akimwambia kwamba nafasi ipo kando ya baba yao na mwili usafirishwe, naye akamjibu kwa upole, sisi sote tukisikia, "Kaka, nisamehe. Huyu binti nilimwacha mara moja amelala. Simwachi tena." Alifariki Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Sumbal, na leo tunamzika katika mji huu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miezi kumi na mitatu, majirani wa Riereta mlioleta supu mkauliza kwanza kama ni halali, wenzake wa gesi mliofanya zamu zake bila kuombwa, na kinyozi wetu, aliyekuja kumnyoa kitandani kila Ijumaa.

Fazal Karim, mume, Abba, jirani yetu, pumzika kwa amani ya Mola wako.